Heuka, Hrigori

Katika filamu ile ya vita iliyompa umaarufu, midomo ni ya mwigizaji Lukeria Panasovna, lakini sauti ni ya mtu mwingine. Najua, maana mimi ndiye niliyeifuta yake.

Ilikuwa Leningrad, mwaka 1957. Lukeria alitoka vijiji vya Poltava, na kwao herufi g hutoka kooni kama pumzi. Kinywani mwake "geuka" ilikuwa "heuka". Mwongozaji akasema shujaa wa nchi nzima hawezi kuongea kama muuza mbegu za alizeti. Akaletwa msichana wa mjini, akaingiza sauti kwa siku mbili. Lukeria alisimama mlangoni mwa chumba changu cha sauti akaniomba nimwachie walau sentensi moja, ile ya kumwita mume wake wa filamuni anayepanda treni bila kutazama nyuma. Nikamwambia amri ni amri. Nilijiona mtu wa maana sana siku ile.

Miaka ishirini nikazunguka naye viwandani na kwenye mashamba ya ushirika tukiionyesha filamu hiyo, mimi na projekta yangu, yeye na maua aliyopewa. Kila mahali watazamaji walimwomba aiseme sentensi hiyo, na kila mahali alishika koo akasingizia mafua. Mimi nilijifanya kushughulika na nyaya. Aibu ilikuwa ikinila.

Masika yaliyopita tulialikwa Poltava, kwenye kiwanda cha nguo. Kabla ya onyesho alinifuata.

"Venya, tukifika pale kwenye treni, zima sauti."

"Wakicheka je?"

"Wacheke, ni watu wa kwetu. Wewe zima tu. Safari hii usiniletee mambo ya amri."

Treni ilipoanza kuondoka, nikazima. Lukeria, sasa mwanamke mnene mwenye mvi, alisimama kando ya pazia jeupe akiutazama uso wake wa ujana. Midomo ile ilipofunguka, akasema nayo:

"Heuka, Hrigori. Heuka nikuone."

Mume akapanda treni, kama kawaida yake. Hakuna aliyecheka. Kisha mfumaji mmoja wa safu ya mbele, mama wa makamo mwenye kitambaa kichwani, akamwambia jirani yake bila hata kushusha sauti:

"Ndo maana miaka yote hakuheuka, shoga. Hajawahi kuitwa."