Riboni kwenye Habu

Silima angeweza kupita barabara ya lami kama watu. Lakini baba mkwe wake, Mzee Mkadam, keshatangaza Bwejuu nzima kwamba kijana wa mjini gari lake la kuendea sokoni Darajani tu. Basi siku ya harusi, na joho na kilemba chake, bwana harusi akaliingiza gari ufukweni, maji yanajaa, ndoa ifungwe baada ya alasiri. Kando yake shangazi yake, Bi Nassra, anamhadithia ndoa tatu zilizovunjika Paje.

Karibu na nyumba ya harusi, gari likazama mchangani.

"Fowili hii, shangazi, inavuta magurudumu yote manne," Silima akasema, akavuta gia ndogo iliyo ubavuni mwa gia kubwa. Taa ya dashibodi ikawaka. Akakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yakapekua mchanga kama kuku. Ya mbele yametulia kama wageni.

Wanawake wa kwa bibi harusi washatoka nje. "Bwana harusi anachimba kisima!" mmoja akapaza sauti. "Mwambieni maji ya bomba tunayo!"

Bi Nassra akachungulia magurudumu ya mbele. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa magari Kiembe Samaki, kwa hiyo alijua: gia ndogo hupeleka nguvu mbele, lakini magari haya ya zamani nguvu haifiki magurudumuni mpaka mtu ashuke, azungushe kwa mkono zile habu za katikati ya magurudumu ya mbele, azifunge. Na habu zenyewe asubuhi kazifunika yeye kwa riboni na asumini, fundo juu ya fundo.

Wimbi likagusa tairi. Msikitini wakaadhini alasiri.

"Kosa langu," akasema. "We kaa, utachafua joho."

Akapiga magoti mchangani na buibui lake, akazikata riboni kwa meno, akazungusha habu mpaka ikalia *ka!* Akaenda ya pili.

"Haya, gia ya kwanza. Taratibu! Usikanyage kama unamkimbia mke."

Magurudumu yote manne yakauma, gari likajinyanyua, vigelegele vikalipokea.

Mzee Mkadam akamtazama mkwewe, kisha magoti ya Bi Nassra yaliyojaa mchanga.

"Bwana harusi nshamkubali. Huyu fundi wake, ana mume?"

"Waulize wakezo kwanza," Bi Nassra akajibu, akakimbilia ndani kwa wanawake, asije mwengine akamtangulia kukisimulia kisa hicho.