Kisanduku cha Koridoni

Mama Pacha alifundisha lugha ya alama kwa watoto viziwi, kwa video, akiwa chumba cha nyuma. Mumewe alikuwa ameweka intaneti sebuleni nyuma ya televisheni: kisanduku kimoja cha kupokea waya wa faiba, kingine cha kusambaza waifai, na waya wa kuviunganisha umelegea kama jino la mtoto. Mke alilalamika kuwa picha zinamgandia mpaka mate yakamkauka. Jibu la mume lilikuwa lile lile: "Mbona mpira hapa haugandi?"

Asubuhi moja mwanafunzi wake, binti aliyeitwa Kipepeo kwa wepesi wa vidole vyake, alianza kumsimulia habari za bibi yake. Akaonyesha "bibi", akaonyesha "zawadi", mara picha ikaganda. Mwalimu akabaki anacheka, akimpungia mikono hewani kumpongeza. Picha iliporudi, mtoto alikuwa anamalizia: "...tumemzika jana." Akamwona mwalimu wake meno yote nje. Akakata simu, kioo kikawa cheusi.

Mama Pacha hakulia. Alikwenda sebuleni, akaizima televisheni mbele ya uso wa mumewe. "Vaa viatu. Tunakwenda dukani."

Huko, muuzaji aliongea na Baba Pacha tu. "Bosi, chukua hii ruta. Antena nane, mnyama kabisa!" Baba Pacha akaipapasa kama mtu aliyeonyeshwa gari.

"Waya wa faiba unaingia humo moja kwa moja?" mke akauliza.

"Hapana, utatumia na kile kisanduku chenu cha zamani. Lakini mama, mambo ya ufundi tuachie sisi."

Damu ikamchemka. "Niwaachie? Ni wewe utakayemweleza yule mtoto kwamba sikuucheka msiba wake?" Duka zima likageuka. "Nataka kimoja kinachofanya kazi zote mbili, ambacho kampuni yetu ya mtandao inakikubali, na kinachopenya kuta. Kama hujui, sema hujui!"

Muuzaji alipiga simu kwenye kampuni, sauti imemshuka, kisha akatoa kisanduku cheupe kisicho na antena hata moja nje.

Nyumbani, fundi wa kampuni aliuliza kikae wapi.

"Sebuleni," alisema mume.

"Koridoni, katikati ya nyumba."

"Mke wangu, waya utaharibu ukuta..."

"Uharibike! Mbele ya rafiki zako kazi yangu unaiita kucheza na vidole. Leo umejua vidole hivyo vinabeba nini?"

Baba Pacha akanywea. Akaenda kumshikia fundi ngazi bila kuambiwa.

Jioni Kipepeo hakupokea simu ya mwalimu. Kesho yake mama yake alimsogeza mbele ya kamera. Mtoto alikuwa ameficha mikono kwapani, na kwa kiziwi huko ndiko kufunga mdomo. Mwalimu akaeleza: picha iliganda, sikuona, nisamehe. Akaeleza tena na tena. Mwishowe mkono mmoja ukachomoka.

"Ulicheka."

"Nilicheka. Sikujua."

Mtoto akautoa na mkono wa pili. Kisha akaanza upya, polepole: bibi, zawadi, homa, kaburi. Hakuna alama iliyopotea. Mama Pacha machozi yalimtiririka, lakini hasira kwa mumewe ilikuwa haijaisha. Mume alipochungulia kuuliza kama mtandao uko sawa, alimwashiria afunge mlango, bila kuyabandua macho kwenye vidole vya mtoto.