Maziwa Hayakupiga Kelele

Mgeni alitakiwa kufika saa nne, na fundi redio aliwasha mashine ya kahawa saa mbili. Kosa hilo asingelifanya hata mwanagenzi. Mashine ya espreso ya mkono, tena ya zamani, haipendi kupashwa moto kisha ikaachwa inasubiri. Maji yanapata moto kupita kiasi, kahawa inaungua na kutoka chungu kama dawa ya minyoo. Yeye alilijua hilo vizuri mno. Aliinunua mbovu kwenye hoteli iliyokuwa inafungwa, akaifungua skrubu moja moja, akabadilisha mipira yote, na sasa ni mwaka wa tisa inawapa kahawa yeye na mkewe kila asubuhi. Lakini siku hiyo hakutulia. Akaiwasha, akaizima, akafungua valvu kidogo kupunguza mvuke, akaiwasha tena. Katikati ya hayo alifuta meza mara tatu.

"Baba watoto, kaa basi," mkewe akamwambia. "Unanizungusha kichwa. Kuku anayetafuta pa kutagia ana utulivu kukushinda."

"Si nimekaa."

"Umekaa wapi na kitambaa kiko mkononi?"

Alikuwa na haki ya kuhangaika. Mgeni mwenyewe alikuwa mhandisi mkuu wa kituo cha redio, na alikuwa analeta mkataba. Kituo kilitaka mtu wa kukaa studio, asikilize kila kipindi kabla hakijarushwa, akamate kila mkwaruzo na kila mluzi. Kwa fundi, kazi hiyo ilikuwa imemkuta maji yako shingoni. Siku hizi nani anatengeneza redio? Ikifa inatupwa, inanunuliwa nyingine, na kibanda chake kilikuwa kinapita wiki nzima bila mtu kubisha hodi.

Taabu ilikuwa masikio. Zaidi ya mwaka sasa sauti nyembamba zilikuwa zinamtoroka moja baada ya nyingine. Walianza ndege wa alfajiri, ikafuata kengele ya mlango, kisha simu. Sauti nene bado alizipata, na maneno ya watu aliyaokoteza kwa kutazama midomo, kubahatisha, na kucheka wenzake wakicheka. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Fundi redio kiziwi, jamani, ana tofauti gani na kinyozi kipofu? Nani atampa kichwa? Alikuwa amekwisha kata shauri: asaini kwanza, mengine yatajulikana mbele ya safari.

Mkewe ndiye aliyekwenda kufungua mlango. Fundi aliona tu mgeni kaingia, mwanamke mnene wa maneno mafupi, karatasi kwapani.

"Fundi, mikono ninayo mingi pale kituoni," mhandisi akasema hata kabla hajaegemea kiti. "Vijana wanafungua mitambo kunishinda mimi. Ninachotafuta ni sikio."

"Basi umefika," fundi akajibu. Uongo ulimtoka laini mpaka mwenyewe akashtuka. "Ngoja kwanza nikupatie kahawa."

Kahawa ilimtii. Alisaga buni, akashindilia unga kwenye kichujio, akakikaza mahali pake, akainua mkono wa mashine hadi juu. Akahesabu mpaka nane, maji yalowanishe unga, kisha akaukandamiza mkono kwa uzito wa bega. Kahawa ikachuruzika kwenye kikombe, nzito kama asali. Hapo hakuwa na kosa lolote.

Yakabaki maziwa. Maziwa ya mvuke hupikwa kwa sikio. Ukizamisha mrija wa mvuke kidogo tu yanatoa sauti ya karatasi inayochanwa. Povu likitosha unauzamisha zaidi, unaanza mluzi mwembamba. Yakiiva mluzi unakatika, na hapo hapo unafunga mvuke. Asiyeusikia mluzi atajuaje kwamba umekatika? Wengine hupima kwa kiganja kwenye jagi, lakini viganja vya fundi vilikufa ganzi zamani kwa kulehemu nyaya. Angeweza kushika kaa la moto akauliza ni kitu gani. Hata hivyo mwaka mzima maziwa yake yalikuwa yanatoka vizuri, naye alikuwa amejipongeza kimoyomoyo kwamba mazoea yana masikio yake.

Akafungua mvuke. Maziwa yakazunguka ndani ya jagi. Akasubiri, akasubiri tena. Kuna kitu kilikuwa hakijafika na hakujua ni nini, mpaka alipogundua kwamba kinachosubiri ni mgongo wake.

Kila asubuhi mkewe huja kusimama nyuma yake na kumwekea mkono mgongoni. Naye hufunga mvuke, akageuka, akampa kikombe chake. Alidhani ni mapenzi. Alikuwa anajisifu, mzee mzima, kwamba baada ya miaka ishirini na minane ndoa yao bado ina sukari. Kumbe mkono ule ulikuwa unafika pale pale maziwa yanapoiva, siku zote, haukuwahi wala haukuchelewa. Na leo mwenye mkono alikuwa sebuleni. Mkewe ni mkunga, na mhandisi alikuwa amemshika kwa habari za mdogo wake aliyekaribia kujifungua.

Anawaza hivyo, maziwa yakapanda, yakafurika, yakatiririka juu ya mashine. Harufu ya kuungua ndiyo iliyomzindua. Alipofunga mvuke na kugeuka, wanawake wote wawili walikuwa mlangoni, na uso wa mhandisi ulikuwa wa mtu aliyeita muda mrefu bila kuitikiwa.

"Kosa langu," mkewe akasema haraka. "Mimi ndiye nimemwambia ayachemshe sana. Ndivyo ninavyoyapenda."

Tangu waoane hakuwahi kunywa maziwa yaliyochemka sana. Fundi akamwomba mgeni awangoje kidogo sebuleni, akafunga mlango.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu ile siku simu iliita mfukoni mwako mpaka ikakatika, na wewe unanitazama."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie kitu gani usichokijua?" Alikuwa anaisugua mashine kwa hasira. "Kila siku nawaambia wanawake kule wodini, mficha uchi hazai. Halafu narudi nyumbani kwa mume aliyejifunika gubigubi."

Fundi alipandwa na aibu, ikafuata hasira, na hasira yenyewe haikujua imwangukie nani. Mkataba ulikuwa mezani kule sebuleni. Angeweza kwenda kuusaini sasa hivi, na mkewe asingemchongea. Angeendelea kumdanganyia watu mpaka wazeeke. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Akapiga moyo konde, akafungua mlango.

"Mhandisi, sikio unalolitafuta mimi sina," akasema akiwa amesimama. "Sauti nyembamba zimeniondoka zote. Nilikusudia kukuficha."

Mhandisi alikusanya karatasi zake.

"Ungesaini, ningekufukuza ndani ya wiki," akasema. "Na kazi hii siwezi kukupa, fundi. Pole sana." Akanywa kahawa yake bila maziwa, yote, akashukuru, akaondoka. Hakuahidi kumtafutia kitu kingine, wala fundi hakuomba.

Mgeni alipotoka, fundi alikaa, akasimama, akakaa tena. Kazi imekwenda, kibanda kinakufa, na siri aliyoilinda kwa jasho jingi ilikuwa siri kwake peke yake. Mkewe alikuwa dirishani amempa mgongo. Akaona mabega yake yakitikisika kidogo, akajua amesema kitu. Siku nyingine zote angecheka kidogo, au angesema "ndiyo, ndiyo" na kuomba Mungu iwe imeangukia mahali pake. Hata sasa ile "ndiyo" ilikuwa imeshafika kwenye ulimi.

"Sijasikia," akasema. "Geuka, urudie."

Mkewe akageuka. Macho yalikuwa mekundu.

"Nimesema nilikuwa mpweke humu ndani," akarudia, neno moja moja, akiutazama uso wa mumewe. "Mwaka mzima nimeishi na mtu ananiitikia tu."

Fundi aliyapata yote, hakuna hata neno lililomponyoka. Alivuta kiti kingine, akakiweka mbele ya chake, mahali ambapo angeuona mdomo wake, akangoja aje akae.