Samaki Niliowasugua Chumvi

Mke wangu alikuwa akichunguza magonjwa ya samaki wa kufugwa. Watu wakisikia hivyo hudhani alikuwa akiwapima uzito au akitafuta chakula cha kuwanenepesha. Yeye alitafuta vile vidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyojishikiza kwenye ngozi ya samaki na kwenye matamvua, yale mekundu anayopumulia, vikamdhoofisha kidogo kidogo mpaka siku moja unakuta samaki wa bwawa zima wanaelea matumbo juu. Aliviita wapangaji. Alikuwa akivua viatu mlangoni huku akiniambia, "Leo nimekuta wapangaji mia mbili kwa samaki mmoja, na hakuna hata mmoja anayelipa kodi."

Mimi ni mpishi wa shule ya bweni. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikaingia jikoni, na sijatoka. Samaki ninayemjua mimi ni yule anayekwenda kwenye sufuria. Mtaani walituita Hadubini na Sufuria, na hatukuchukia.

Naandika haya kwa sababu ameanza kunitoroka. Mwaka wa kwanza baada ya kumzika nilimsikia kila chumba. Sasa inanibidi nikae, nitulie, ndipo sauti yake ije, na siku nyingine haiji. Kwa hiyo nataka niziweke hapa zile siku kumi na tatu ambazo nusura nimfanye kipofu, macho yake yakiwa mazima.

Moyo ulipoanza kumsumbua, miguu ilivimba na ngazi za kituo cha utafiti zikamshinda. Mkuu wa kituo, mtu wa maneno machache, aliitia hadubini ya zamani kwenye sanduku lake, akaileta mwenyewe na kuiweka juu ya meza yetu ya kulia chakula, upande wa dirishani.

"Utafiti umebakiza miezi minne," alisema. "Malizia ukiwa umekaa."

Tangu hapo tukawa tunakula tumepakata sahani.

Kilichobaki ni nani wa kuleta samaki. Kila Ijumaa alihitaji watano kutoka kwa mwalimu mmoja mstaafu, mama mjane aliyechimba mabwawa matatu nyuma ya nyumba yake, mwendo wa nusu saa kwa baiskeli. Nikasema nitakwenda mimi, nikitoka jikoni saa tisa alasiri.

"Utaweza, mpishi wangu?"

"Samaki watano? Mimi nalisha watoto mia nne."

"Haya. Ila usiwapasue. Matumbo nitayafungua mwenyewe."

Sikuwapasua. Hilo nililishika barabara.

Ijumaa ya kwanza Mwalimu alinivulia samaki kwa wavu, akanitilia kwenye ndoo yenye maji ya bwawa, ya kijani, yenye harufu nzito ya matope. Siku hizo mke wangu alikuwa hawezi harufu. Dawa zilikuwa zimemchafua tumbo. Hata sabuni ya kufulia ilimtapisha. Nikapitia mlango wa nyuma, nikamwaga yale maji, nikawagonga samaki kichwani, kisha nikafanya kile ambacho mikono yangu imekifanya kwa miaka ishirini na miwili. Niliwasugua kwa chumvi ya mawe mpaka ute wote ukatoka. Nikafunua mashavu nikasuuza ndani, nikawapitisha mara mbili kwenye maji ya bomba, nikawafuta kwa kitambaa. Nikawapanga kwenye sinia kana kwamba tuna wageni. Hawakuwa na harufu hata kidogo.

"Leo hata kichefuchefu sijakisikia," alisema.

Nilifurahi, nikanyamaza. Niliona si jambo la kujisifia.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hakugundua. Alisema tu kwamba ute umekuwa haba, akadhani ni samaki wenyewe. Alikuwa amechoka. Na nadhani kulikuwa na jambo jingine: mkono uliomletea ulikuwa wangu, na mkono wangu hakuwahi kuutilia shaka.

Alikwangua ngozi kwa kisu chake kidogo, akakata kipande cha matamvua, akaweka juu ya kioo na tone la maji, akainamia hadubini. Samaki wote watano. Kisha akampigia Mwalimu simu. "Mwalimu, samaki wako wasafi. Hakuna mpangaji hata mmoja. Usiwape dawa yoyote."

Ijumaa iliyofuata, asubuhi, Mwalimu akapiga yeye. Samaki wa bwawa la kwanza walikuwa wanajikuna kwenye kingo, wanakimbilia panapoingilia maji na kuhema midomo wazi. Kumi na mmoja walikuwa wameshakufa. Nikaenda alasiri, nikaleta wengine watano, nikawasugua vizuri kuliko mara ya kwanza, maana siku hiyo alikuwa hajala kitu.

Aliangalia mpaka jua likahama dirishani. Alifuta lenzi, akabadilisha kioo, akafuta tena.

"Samaki wanajikuna," alisema. "Mwalimu kawaona. Matamvua yamepauka, hilo hata mimi naliona. Wapangaji wapo. Mimi ndiye siwaoni."

"Labda hawapo kweli."

"Wapo. Ni macho yangu."

Daktari alikuwa amemwonya kwamba macho yanaweza kufifia. Akaomba karatasi, akamwandikia mkuu wa kituo kwamba Ijumaa inayokuja aje aichukue hadubini, utafiti umaliziwe na mtu anayeona. Alilisema hilo kwa utulivu, kama mtu anayerudisha bakuli la jirani. Lakini Jumapili nilimkuta amesimama mbele ya kalenda ya ukutani, amefunika jicho moja kwa kiganja, halafu la pili.

"Unafanya nini?"

"Nasoma tarehe. Bado naziona."

Jumatano nilikwenda kwa Mwalimu kumweleza kwamba mke wangu anaacha kazi. Nilimkuta kwenye ghala la chakula cha samaki, ameshika wavu uliojaa samaki waliokufa. Aliniita mkwe, kwa sababu alishamfanya mke wangu mwanawe.

"Mkwe, mwanangu aliniandikia masharti, na nimeyafuata yote kama mtihani. Hebu nionyeshe nilipokosea."

Karatasi ilikuwa imebandikwa mlangoni, mwandiko wa mke wangu. Mwalimu akanisomea, kidole chini ya kila neno, kana kwamba mimi ndiye nimechelewa darasani. Samaki wa kupimwa wasafirishwe wakiwa hai, ndani ya maji ya bwawa lao. Wasioshwe wala kufutwa, kwa sababu vimelea huishi kwenye ute. Vikionekana vimelea vya ngozi, samaki waogeshwe kwenye maji ya chumvi.

Nikakaa juu ya gunia. Mimi sikuwahi kuambiwa hayo, maana kwake yalikuwa ya kawaida kama kupumua. Nani anamfundisha mwenzake kupumua?

"Mbona umebadilika rangi?" Mwalimu aliuliza.

"Naomba samaki watano wengine."

"Si umechukua Ijumaa?"

"Naomba tu, Mwalimu."

Sitajipamba. Nusu ya njia ya kurudi niliwaza kunyamaza. Daktari alikuwa amesema apumzike. Keshokutwa hadubini ingeondoka, meza ingerudi kuwa meza, naye angelala mchana kama wagonjwa wengine. Mwalimu ningemwambia atie chumvi na mambo yangeisha, hakuna ambaye angejua. Ningebaki naye muda mrefu zaidi, labda. Hiyo "labda" ilinivuta sana. Kisha nikamkumbuka pale kwenye kalenda, na kiganja chake usoni. Angekufa akiamini kwamba macho yake yalimdanganya, na mimi ningekuwa nimelala pembeni yake, najua.

Niliingia kwa mlango wa mbele, ndoo mkononi, maji ya kijani yakidondoka sakafuni. Akakunja uso.

"Harufu gani hiyo?"

"Ya bwawa."

"Mbona siku zote haikuwepo?"

Nikamwambia. Chumvi, bomba, kitambaa, mara zote mbili. Nilisema nimesimama, na ndoo sikuiweka chini.

"Chumvi," alisema.

"Ya mawe."

"Ukawasugua."

"Mpaka ute ukaisha. Nilidhani harufu itakuumiza."

Akacheka. Alicheka mpaka akashika kifua, nikamkimbilia na maji. "Mpishi wangu, chumvi ndiyo dawa yao! Umewatibu kabla sijawapima. Mimi nimekaa hapa nawatafuta wapangaji, kumbe wewe umeshawafukuza na nyumba umepiga deki."

Kisha kicheko kikakatika. Akageukia dirishani.

"Siku tano nimekuwa najifundisha upofu," alisema. "Nilikuwa nahesabu hatua kutoka kitandani mpaka chooni. Ni kumi na nne. Ulidhani natembea polepole kwa sababu ya miguu."

Nilikaa sakafuni, kwenye yale maji ya matope, na baada ya muda nikasikia mkono wake kichwani kwangu.

"Siku nyingine uniulize, hata kama ni jambo dogo. Mimi naumwa moyo, siumwi masikio."

"Nitauliza."

"Haya, sogeza ndoo."

Harufu ilimtapisha mara moja, kwenye beseni. Akasukutua, akafuta mdomo, akamshika samaki wa kwanza. Safari hii kisu kilipopita ubavuni kilitoka na utando mzito. Akainama. Akasogeza kioo kidogo, akasogeza tena.

"Wapo," alisema polepole. "Wapo, wapo. Njoo uone."

Nilikuwa sijawahi kuangalia mle ndani, miaka yote ile. Nilitegemea kuona minyoo. Niliona vitu vya duara, kama visahani, kila kimoja na pete ya meno katikati, vikizunguka na kuteleza bila kugongana. Nikasema vinapendeza kutazama. Akasema ndiyo, na hiyo ndiyo shida yake yeye: inamwia vigumu kuwachukia wapangaji wazuri hivyo. Barua ya kwenda kwa mkuu ilikuwa bado mezani, haijatumwa. Akaigeuza, akaandika hesabu ya siku hiyo nyuma yake.

Kwa Mwalimu alinituma mimi. "Hili utalisema kwa mdomo wako."

Nililisema kesho yake, tukiwa ukingoni mwa bwawa. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Sifuri," alisema. "Ila umekuja kuomba usahihishaji mwenyewe, na hilo ni nadra. Shika huu mfuko. Chumvi unaijua, au sivyo?"

Tulifanya kazi alasiri tatu. Tuliwavua, tukawaogesha kwenye tangi la maji ya chumvi yaliyopimwa kama mke wangu alivyoelekeza kwa simu, mimi nikitaka kuongeza kidogo na Mwalimu akinipiga kibao cha mkono. Theluthi ya bwawa la kwanza ilikuwa imekufa. Hao nimewabeba mimi, na bado nawabeba. Waliobaki walipona.

Baada ya hapo nilileta samaki wakiwa hai kila Ijumaa, nikisafiri na suruali iliyolowa mpaka magotini. Mkuu wa kituo alipopita kutusalimu alimkuta mke wangu ameinamia hadubini, beseni pembeni yake, akafunga mlango taratibu na kurudi alikotoka.

Mwezi wa nne tangu hadubini iletwe, Ijumaa ya mwisho, alikaa akaangalia, akazungusha kile kirungu cha lenzi huku na huku. Akainua kichwa.

"Umewasugua?"

"Sijawasugua."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Tazama suruali yangu."

"Basi sasa ni macho," alisema. Hakulia wala hakutafuta kalenda. Alisogea, akanipa kiti chake, yeye akakaa kwenye kigoda na daftari magotini. "Kaa wewe. Funga jicho la kushoto. Anza kona ya juu na uende kama unasoma. Usikimbie."

Nikaanza. Nilikuwa mzito, na mara mbili nilihesabu povu la hewa, akaniuliza kama linazunguka, nikasema hapana, akasema basi huyo si mpangaji. Aliniegemea begani. Nilikuwa nasema, yeye anaandika. Tulipofika kwa samaki wa tano, jua lilikuwa limehama dirishani na tukawasha taa ya hadubini.

"Wangapi?"

"Kumi na tisa."

"Rudia."

Nikarudia. Walikuwa kumi na tisa. Akaandika kwa mkono wake, tarakimu kubwa zilizopanda kilima ukurasani, akaniinulia daftari na kuuliza kama zinasomeka. Nikamwambia zinasomeka.