Ndama Asiye na Rangi ya Nyumbani

...umepoteza nini, ndivyo alivyouliza yule msichana wa dirishani, umepoteza nini, shosho, kama mtu anayeuliza habari za mwavuli uliosahauliwa kanisani, "hapa andika umepoteza nini, na hapa uandike unataka korti ikufanyie nini, enda ukae ufikirie, nitakuita," na Watiri amekuja amekaa kwenye benchi, karatasi gotini, kalamu ya kuazima mkononi, kufikiria nini sasa, jibu alikuwa nalo tangu alfajiri, amelibeba kutoka nyumbani Tetu kama mtu aliyebeba yai kiganjani, hakulitikisa kwenye gari, hakuliacha langoni, na sasa amefika mbele ya watu limepasuka... ameandika mstari mmoja tu, niliagiza mbegu ya ng'ombe wa Guernsey nikapewa ya Friesian, na mwandiko ni mzuri, wa darasa la saba la zamani, mwalimu alikuwa akiupigia vidole kwa rula, lakini chini ya mstari huo karatasi ni nyeupe na inamtazama bila haya. "Cucu, bibi yangu," anasema Muchiri, mpandishaji wa ng'ombe, ameketi ubavuni pake na gambuti zake za kuingilia zizini, ndani ya korti, hakuona hata aibu ya kubadilisha viatu, "cucu, si tuongee tu kama watu wa nyumbani, haya mambo ya korti ni ya nini?" na Watiri anatazama kupitia dirisha ile pikipiki ya Muchiri iliyoegemezwa ukutani na mtungi wa mbegu umefungwa nyuma kwa mpira, mtungi ule wenye moshi baridi, fahali wa Ulaya nzima wamefungiwa humo wakitetemeka, na katika fahali wote hao, Muchiri alishindwa kumpata mmoja wa kahawia, mmoja tu, kwa ng'ombe mmoja mzee aliyekuwa akizaa mara ya mwisho... "Ilikuwa imeisha, cucu, nilikuambia, hiyo Guernsey siku hizi hakuna mtu anaitisha, na ng'ombe alikuwa kwenye joto, ningengoja joto ingepita, nikaona nikuwekee kitu poa, hiyo ingine watu wanapigania." Nikaona. Ndiyo hapo. Aliona yeye, kijana aliyezaliwa juzi, akaona kwa niaba yake, kimyakimya, mkono wake ukiwa ndani ya ng'ombe wa mwenyewe hadi begani, na yeye Watiri amesimama palepale ameshika mkia, akidhani anachoingiza ni alichoagiza, na akamshukuru! Akampa na chai! Miezi yote ile akimkatia ng'ombe majani laini ya nepia, akimwambia vumilia, leta mmoja tu wa mwisho, na siku ya siku ndama akateremka mweusi na madoa meupe kama padri, na Nyawira, mke wa mwanawe, akapiga makofi zizini, "mami, hii ni baraka, hii itajaza ndoo, ile yako ya brauni ilikuwa inatoa ya chai tu," na kabla ya Jumapili homa ya maziwa ikamlaza mama mtu, wakamwita daktari, daktari akafika ng'ombe amekwisha kupoa. Kifo hicho hamlaumu Muchiri, homa ya maziwa haina mwenyewe. Lakini Guernsey wa mwisho wa nyumba ile ndiye alikuwa huyo, dada zake walishauzwa mmoja mmoja, karo ya huyu, hospitali ya yule, na aliyebaki ameondoka ameacha kitu kinachofanana na ng'ombe wa kila mtu... "Kathurima, wa tangi la maji!" anaita msichana wa dirishani, na mzee mmoja anainuka na kipande cha tangi lililopasuka mkononi, kweli amekibeba, kikubwa kama mlango, hongera zake, yeye aliyepoteza tangi ana kitu cha kuonyesha. Yeye Watiri angekuja na nini, angemvuta ndama hadi dirishani aseme tazameni, si mgonjwa, ananenepa, na mimi ndiye nalia? Hata yule kijana wa lango la korti mwenye suti ya kubana, "mama, una wakili?" na yeye akamuuliza, kwani wewe ulikuwepo zizini? "La, mama." Basi utasema nini ambacho mimi sijakiona, na akampita, akajisikia vizuri mpaka hapa benchini, na sasa anatamani kidogo yule kijana angekuwa hapa, watu wa suti wana majina ya hasara, hawakosi jina... Anaitwa Kajuju huyu msichana, imeandikwa kifuani, na alipoulizwa ni wa wapi alicheka, "mimi ni wa Timau, shosho, mbona," na ndipo yai lilipopasuka, hapo hasa, Watiri analijua, kwa maana aliitika ahaa kwa sauti ambayo hakuipanga. Timau. Si kwamba anamkumbuka Hezekiah. Mtu hakumbuki mume aliyekoroma kama kinu cha posho na kula bila kusema chumvi imezidi ama imepungua. Anachokumbuka ni ng'ombe. Hezekiah alivaa koti asubuhi moja akasema naenda Timau, maneno mawili, ndivyo alivyokuwa, akayatoa kama meno, na akaenda, alikuwa amesikia kuna mzungu wa ngano anayehama na anauza mifugo, lakini hilo hakulisema, angelisema lingemuua? Wanawake wa mtoni wakalisema lao, amepata Mmeru huko, anaitwa Karambu, ana duka la mahindi, wakampa na duka kabisa, wangempa na watoto kama mto ungekuwa na maji zaidi ya kufulia, na siku zikapita nyingi, na Watiri hakulia, alilima, na jioni alikwenda kufunga lango. Kufunga lango tu. Komeo moja la mti, na kila jioni linamchukua hadi giza, analifunga, analifungua, analitazama kama halijakaa sawa, na ukungu wa Julai umeshuka kama huu wa leo, huoni hata mibuni ya jirani, na jioni moja kitu cha kahawia kikatokea kwenye ukungu huo, kwanza rangi peke yake bila umbo, rangi ya chai iliyotiwa malai, halafu pembe, halafu kamba, halafu mwisho wa kamba ile kofia ya Hezekiah, alikuwa amemtembeza kwa miguu toka Timau, Nanyuki, Naro Moru, wakilala kwa watu njiani, nyayo zimepasuka kama udongo wa Februari, na akasema, nimekuletea mtu wa kukaa naye. Anaitwa nani? akauliza Watiri. Hana jina. Analo, akasema Watiri, anaitwa Karambu... na Hezekiah akacheka, alicheka hadi akakaa chini palepale njiani, kamba mkononi, akicheka na machozi, hakucheka hivyo tena mpaka walipomlaza kaburini chini ya miti ya mikima, na hakuuliza jina lile limetoka wapi, na yeye hakumwambia, na walikaa nalo miaka yote ile, wawili, kama watu waliokalia benchi moja. Kama hivi. "Cucu, unanisikia?" Na binti yake Karambu akaitwa Karambu, na binti ya binti, wote kahawia, wote na maziwa ya njano yanayoacha macho ya mafuta juu ya chai, na ridge nzima, mgongo wote wa kilima, ilipogeuka kuwa Friesian, mashamba yote yamejaa magazeti yanayotembea, Hezekiah alikataa, watu wakamcheka kwenye mkutano wa maziwa, alikataa bila kusema kwa nini, na alipokufa Watiri akakataa kwa ajili yake... hapana, si kwa ajili yake, kwa ajili ya chai. Kwa ajili ya chai? Watiri, umekaa ndani ya korti, sema kweli. Kule ng'ambo ya bonde, kituo cha majani chai, unatua kikapu, unanyoosha mgongo, unatazama upande wa pili, nyumba zote ni mabati na miti, huwezi kujua ipi ni ya nani, ila yako, yako ina doa moja la kahawia kwenye majani mabichi, linasogea polepole, na jicho linakwenda hapo lenyewe kabla hujaliambia, na moyo unasema haya, yupo. Yupo nani? Ng'ombe. Miaka hii yote tangu mikima, unatua kikapu, unatazama, yupo. Na sasa unatua kikapu unatazama na hujui nyumbani kwako ni wapi. Watiri anaishika kalamu. Anaandika pale palipoulizwa umepoteza nini, rangi. Anafikiri kidogo, anaongeza, nyumbani kwangu hakuonekani tena kutoka ng'ambo. Inaonekana upuuzi, mwandiko mzuri na upuuzi, lakini ndiyo kweli na haifuti. "Cucu, sikiza basi, nikipelekwa huko ndani watanichukulia leseni, niko na watoto, mimi nitakufanyia hivi, huyo ndama akikua nitampandisha bure, Guernsey kabisa, nitaagiza mwenyewe." "Na huyo atakayezaliwa atatoka brauni?" anauliza Watiri, sauti yake imekauka, ni mara ya kwanza kumjibu tangu akae, na Muchiri anakuna goti juu ya gambuti. "Huenda, cucu. Sitakudanganya. Huenda atoke, huenda asitoke, ile nyeusi iko na nguvu." "Lini?" "Huyu bado anakunywa maziwa, cucu. Akue kwanza. Mwaka ujao kama amekua vizuri tumpandishe, ule mwingine ndio azae." Ule mwingine. Anayahesabu magoti yake, maana miaka haihesabiki, goti la kulia tayari halitaki mteremko wa zizini, ule mwingine ni mbali, na halafu huenda... angalau huyu kijana amejifunza kusema huenda, angelisema siku ile ya mtungi wangekuwa nyumbani wote wawili. Hata Hezekiah alikuwa huenda. Jioni zote zile za komeo, nani alimwambia Watiri kwamba mumewe atarudi? Hakuna, mto mzima ulimwambia hatarudi, ulimpa na jina la mwanamke, na bado alikwenda langoni, kila jioni, akifunga, akifungua, na kama angekaa ndani na kusema imeshindikana, rangi ile ingetokea kwenye ukungu na isimkute mtu. Na yule ng'ombe wa kwanza alikuwa na tabia, jioni anasimama kichwa kimeelekea mlimani, upande wa Timau alikotoka, hamna nyasi huko, hamna kitu, anasimama tu, na mabinti zake wakairithi, wote, Hezekiah alikuwa akisema wanasoma hewa, na huyu mweusi naye... jana jioni. Jana alisimama hivyo kwenye ua, madoa yake na yote, shingo imenyooka kuelekea mlimani, na Watiri akamtupia gunia, akamwambia wewe, ondoka hapo, hapo si pako. Wewe. Tangu azaliwe ni wewe, hajampa jina lingine, mtoto aliyefiwa na mama hata kabla hajajua kusimama vizuri, ananyweshwa kwa ndoo, anatupiwa gunia kwa kusimama mahali alipoachiwa na mama yake. Kosa la rangi si lake. Ametoka tumboni mwa nani huyo, si kwenye mtungi peke yake. Ni njia tu huyu. Nanyuki hiyo, Naro Moru hiyo, hakuna aliyesema njia lazima iwe ya kahawia, na Hezekiah hakukaa chini njiani pale Kiganjo akalia kwamba hajafika... Anarudi kwenye karatasi na sasa mkono unajua, unataka korti ikufanyie nini, anaandika, huyu Muchiri aniletee mbegu ya Guernsey wakati wake ukifika, anionyeshe maandishi kabla ya kuingiza mkono, nisome mwenyewe, na kama nitakuwa siwezi kushuka zizini anisubiri nishuke, na korti iiandike. "Lakini nimekuahidi, cucu, si tutoke sasa?" "Umeahidi, ndiyo. Hata siku ile ulikunywa chai yangu." "Sasa bado unapeleka?" "Napeleka. Kaa hapo. Na ukirudi kwangu badilisha viatu," na anamwona akichungulia karatasi, midomo ikisoma, hakuna leseni iliyotajwa, anasoma mara ya pili, mabega yanashuka, anauliza polepole, "rangi, cucu?" na Watiri anaifunika kwa kiganja, hilo silo lake. Ukungu umekaza dirishani, pikipiki imepotea, limebaki umbo la mtungi. Mzee Kathurima bado anabishana juu ya tangi lake, Kajuju anamwambia pole pole mzee, nasikia, benchi ni lile lile na baridi ni ile ile, itakuwa saa sita sasa, na Nyawira akishashika simu hasikii hata nyumba ikiungua, na Karambu atakuwa bado hajapewa maziwa yake, atakuwa amesimama kwenye ua akilia, kichwa huko... Karambu. Watiri anageuka kumtazama Muchiri, kama amesikia, hajasikia, hakuna aliyesikia. Anaweka karatasi sawa gotini. "Anayefuata!" wanaita, na si yeye.