Usikanyage Chini

Mama mkwe alikuwa na masharti ya trekta mengi kuliko masharti ya nyumba, na ya nyumba nayo hayakuwa haba. Kabla hujapanda, ulizunguke trekta lote, uangalie oili, maji na tairi. Ukifika kwenye kidaraja cha kupandia, gonga viatu, kisha visugue kwa brashi iliyofungwa pale pale kwa mnyororo kama mbwa. Vioo vifutwe kwa tambara bichi, kwa sababu tambara kavu husugua vumbi na kukwaruza kioo. Sakafu ya kebini isiwe na kitu, hata gunzi la mahindi. "Chupa moja ikibingirika chini ya pedali ya breki," alikuwa akisema, "wewe ni marehemu unayeendesha." Bodi la trela ukiliinua, lishushe kabla hujasogea. Na ukiteremka, teremka kinyumenyume, umeshika chuma cha mlango. Trekta si jukwaa la harusi.

Mke wa mwanawe aliyajua yote hayo kama anavyolijua jina lake. Watu walimwita Klachi. Alilipata jina hilo wiki ya kwanza ya kujifunza, alipoachia klachi kwa ghafla, trekta likaruka kama mbuzi aliyeng'atwa na siafu na kung'oa mlango wa banda. Tangu siku hiyo hata baba mkwe wake, mzee mpole asiye na neno na mtu, alimwita hivyo hivyo, na jina la kuzaliwa likabaki kwenye cheti cha ndoa.

Aliingia kwenye nyumba ile akiwa bibi harusi. Mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu, alimwacha pale wiki ya pili akashika barabara, akawa mtu wa kurudi anaporudi. Klachi akabaki na chumba kimoja chenye dirisha linalotazama banda, na mama mkwe mwenye masikio ya popo. Akienda dukani, aliulizwa anafuata nini. Akichelewa, aliulizwa alisimama na nani. Akicheka kwenye simu, mlango ulifunguka: "Kuna habari njema?"

Trekta ndilo lililomwokoa mwanzoni. Kule juu, nyuma ya vioo, usukani mkononi, alijiona mtu. Lakini mama mkwe, ambaye goti lilikuwa limemkataza kukanyaga klachi, alikataa katakata kubaki nyumbani. Kando ya kiti cha dereva kulikuwa na kiti kidogo cha mkufunzi, na misimu miwili baada ya mafunzo kwisha mkufunzi alikuwa bado amekaa. Goti lilikuwa limechoka, ulimi bado.

Ndipo Klachi akasikia kwamba shamba kubwa la ng'ambo ya mto linatafuta madereva. Akaaga nyumbani kwamba anakwenda kung'oa jino. Akafanya majaribio, akafuzu, akaambiwa aanze mwezi unaofuata, na chumba cha kulala kipo. Akarudi ameshika shavu, akashinda na uji mtupu ili uongo ukae sawa.

Njia ya mwongo ni fupi. Fundi wa mashine aliyekwenda kule kutengeneza pampu alirudi na grisi mikononi na habari mdomoni.

Alasiri moja wawili hao walikuwa wakibeba samadi kupeleka shamba la mwisho, lile linalopakana na nguzo za umeme. Mama mkwe alikuwa kimya tangu bandani, na ukimya wake ulikuwa kama wingu: ulijua lazima litanyesha, hujui tu litanyesha wapi. Klachi akarudi nyuma taratibu mpaka mahali pa kumwaga, akavuta kishikio cha haidroliki. Bodi la trela likaanza kuinuka nyuma yao.

"Jino limepona?" mama mkwe akauliza, macho mbele.

"Limepona, mama."

"Nasikia huko ng'ambo ya mto wanang'oa vizuri."

Nyuma, samadi ikaporomoka na kutua kwa mshindo.

"Mama, nilitaka kukwambia."

"Lini? Ukiwa umeshafunga mizigo? Mwanangu yuko barabarani, mimi na goti hili, mzee hajui hata kuwasha. Unatuacha na nani?"

"Mimi si jembe la nyumba hii, mama."

"Nani kakuita jembe? Nimekufundisha kazi. Nimekupa kiti changu."

"Kiti hujanipa! Umenikalia pembeni miaka miwili. Hata nikikohoa unanielekeza namna ya kukohoa!"

Hakuwahi kumpandishia sauti. Maneno yalipotoka yeye mwenyewe aliyashangaa, na kwa kuwa hakujua afanye nini baada yake, alifanya alichokijua: akakanyaga klachi, akatia gia, akaondoka. Bodi la trela lilikuwa bado liko juu, limesimama wima kama mlango usio na nyumba. Siku nyingine yoyote mama mkwe angekwisha piga kelele. Siku hiyo alikuwa amefungua mdomo kwa jambo jingine.

Mlio ulikuwa kama bati linalopasuliwa na jitu. Mwanga mweupe ukajaa kwenye vioo vyote kwa pamoja, trekta likatetemeka, injini ikazimika. Klachi alipogeuka aliona waya umekatika. Kipande kimoja kilikuwa kimelalia ukingo wa trela, kingine kikijipinda kwenye majani. Akavuta kishikio kushusha bodi. Halikushuka. Bomba la haidroliki lilikuwa limepasuka, oili ikimwagika ardhini.

Mama mkwe akaurukia mlango.

Klachi akamdaka kifundo cha mkono. "Usikanyage chini!"

"Niache! Tutaungua humu!"

"Hatuungui tukikaa. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha, mama! Mguu mmoja kwenye trekta, mwingine ardhini, umeme unapita katikati yako. Kaa!"

Mama mkwe akamkodolea macho kana kwamba anasikia lugha ya kigeni, kisha lugha ikamrudia. Akakaa.

Hawajavuta hata pumzi ya pili, wakamwona mzee. Alikuwa akija mbio kutoka upande wa nyumba, ngazi begani, kofia imeshaanguka nyuma. Klachi akapiga honi kumzuia. Mzee akadhani anaitwa, akazidisha mbio.

"Anakuja kufa," mama mkwe akasema. "Anakuja kufa huyu!" Na akaurukia mlango mara ya pili.

Safari hii Klachi alimkumbatia kiunoni akamvutia kwake kwa nguvu zote. Tangu aolewe hakuwahi kumgusa zaidi ya kumpa mkono. Alishangaa jinsi alivyokuwa mwepesi. Mwanamke aliyeijaza nyumba nzima alikuwa mifupa na nguo. Kwa mkono wa pili akasukuma kioo kidogo cha pembeni. "Mwite, mama! Mwite asimame!"

Mama mkwe akaita. Hakuita "baba nanihii" wala "mzee". Aliita jina ambalo Klachi hakuwahi kulisikia, jina fupi la chumbani, lile ambalo mke humwita mume mlango ukishafungwa. Lilipita juu ya shamba kama jiwe la kombeo. Mzee akasimama kwenye uzio, ngazi ikamponyoka.

"Waya!" mama mkwe akalia. "Usisogee! Nakuomba, usisogee!"

Mzee akaketi chini palepale, kama mtoto aliyekatazwa.

Klachi akapiga simu ya dharura ya watu wa umeme. Mtu aliyepokea alikuwa na sauti ya kutafuna. Aliposikia habari akaacha kutafuna. "Kaeni humo humo. Msiteremke hata mkiona waya umenyamaza, umeme unaweza kurudi wenyewe. Mtu yeyote asikaribie. Gari linakuja."

"Linatoka wapi?"

"Si mbali sana."

Kila mtu anajua "si mbali sana" maana yake nini.

Jua likawa limelalia vioo, feni imekufa, na harufu kama ya nywele zilizoungua haitoki. Kebini ile ambayo Klachi aliiona pana mwanzoni sasa ilikuwa ndogo kama kabati. Magoti yao yaligusana. Kila mmoja alisikia mwenzake akimeza mate. Nje palikuwa karibu kabisa: majani yale pale, kipepeo yule pale, na mlango haukuwa hata umefungwa kwa ufunguo. Hilo ndilo lililomtesa Klachi zaidi, kwamba hapakuwa na kilichowazuia isipokuwa kujua.

Muda ukapita. Mama mkwe akaanza kujinyonganyonga.

"Unaumwa, mama?"

"Haja ndogo."

Klachi akatazama huku na huku. "Si ufanye tu hapo chini."

"Kwenye sakafu hii? Bora umeme."

Klachi akacheka bila kutaka, na mama mkwe akacheka naye, wakicheka kwa woga mpaka machozi yakawatoka.

"Unajua kwa nini sitoki kwenye kiti hiki?" mama mkwe akasema baadaye. "Kule nyumbani mimi ni mama wa huyu na mke wa yule. Kila mtu ananiita aletewe kitu. Humu hakuna aliyewahi kuniita. Nikishuka, naenda wapi? Nikakae jikoni nikisubiri goti linizike?"

"Na mimi nilikuwa napumulia humu humu, mama," Klachi akasema. "Ukaja ukakalia hewa."

Mama mkwe akageuza uso kiooni, na alikuwa bado amegeuka hivyo alipoona moshi.

Tairi la trela lilikuwa likifuka. Mabua makavu ya samadi iliyomwagika yakashika, moto ukatambaa kando ya trela kuja mbele, hauna haraka, kama mtu anayejua anakokwenda. Klachi akapiga simu tena.

"Moto?" ile sauti ikauliza, sasa haina utani. "Basi tokeni. Rukeni mbali, miguu pamoja. Usishike trekta ukiwa umegusa chini. Ukitua, usipige hatua. Teleza miguu kidogo kidogo, isiachane, isiinuke, mpaka mfike mbali kabisa."

Mama mkwe alikuwa amesikia kila neno. "Goti," akasema.

"Wewe kwanza."

"Ili unisukume?"

"Ikibidi."

Klachi akafungua mlango hadi mwisho. Mama mkwe akasimama mlangoni uso nje, mikono kifuani, hajashika kitu. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Kisha akaruka.

Alitua kwa miguu yote miwili, na Klachi akasikia mlio mdogo, kama ukuni mkavu unapovunjwa. Mama mkwe alipinda, akayumba, mkono ukakaribia ardhi, akaurudisha kifuani. Hakuanguka. Akaanza kuteleza, uso umekunjamana, akiguna kila mtelezo.

Klachi akaruka. Alipotua kando yake, alinyoosha mkono kumshika.

"Usinishike!" mama mkwe akafoka. "Teleza!"

Wakateleza sambamba, kama kuku wawili waliofungwa miguu, moto ukinguruma mgongoni. Klachi alitaka kukimbia. Kila msuli wa mwili wake ulitaka kukimbia. Aliitazama miguu yake na kuisihi kama watoto: pamoja, pamoja, pamoja. Uzio ulipofika, mzee alimpokea mkewe mikononi, wakaketi wote watatu kwenye majani.

Gari la watu wa umeme lilipowasili, kilichokuwa kimebaki cha kuzimwa ni kidogo. Trela lilikwisha. Trekta lilikuwa limeungua mpaka kwenye usukani, vioo vimepasuka vyote. Mama mkwe alitazama mara moja, akaomba wampeleke hospitali.

Kifundo cha mguu kilikuwa kimevunjika. Alirudi na plasta hadi gotini, na nyumba ikajaa wageni. "Mungu mkubwa," walimwambia Klachi, "amekubakiza umtunze mama." Walisema kwa wema, na yeye aliwamiminia chai. Mumewe akapiga simu kutoka safarini. "Sasa hilo la ng'ambo limekwisha, si ndiyo?" Hakuwa akiuliza. Klachi alisimama na simu sikioni, akasikia mwenyewe akisema, "Ndiyo."

Akamwogesha mama mkwe, akamlisha, akamgeuza. Usiku alilala kwenye mkeka mlangoni pake ili amsikie akiita. Hakuna aliyemlazimisha. Hakuna aliyemwuliza pia.

Asubuhi moja, Klachi akimvisha soksi mguu mzima, mama mkwe akasema, "Wiki ijayo unatakiwa kule."

"Nitawaambia siji."

"Waambie hivyo, halafu ukae hapa unanichukia kila ukinivisha soksi. Mimi sitaki soksi za chuki."

Klachi akaishikilia soksi. "Mwanao ameshasema."

"Mwanangu ana kebini yake, hakuna anayemkalia pembeni. Hilo la simu niachie mimi. Nilimzaa, namjua anapofungukia."

"Na nani atakuogesha?"

"Mume ninaye. Mikono anayo."

Nje ya mlango mzee akakohoa.

Siku ya kuondoka mama mkwe hakutoka chumbani. Alisema mguu unamuuma, na huenda kweli ulikuwa unauma. Mzee ndiye aliyebeba begi hadi barabarani, akitembea mbele. Walipofika akaliweka chini, akalifuta vumbi.

"Ukiichukia hiyo kazi, rudi," akasema. "Ukiipenda, rudi vilevile, ila uje kutembea."

Klachi akacheka, kisha akalia, na gari lilipofika alipanda machozi yakiwa bado usoni.