Pumzi ya Stauti

Hiza alikuwa fundi magari Korogwe kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuchagua spea hata siku moja. Enzi za vibali ulikuwa unaandika barua, unasubiri miezi, kisha unapewa ulichopewa. Wewe una pikapu, umeletewa kabureta ya lori? Shukuru Mungu, shika tupa, anza kukwangua. Hiza aliweza kulazimisha chuma chochote kikae mahali popote, na watu wa mtaa wake wa Manundu walimsifu kwa hilo mpaka kichwa kikamvimba kidogo.

Sasa mfikirie mtu huyo, Jumamosi moja ya mwaka tisini na tatu, nchi imeshakuwa ya ruksa, amesimama njia panda ya Segera mbele ya turubai lililojaa spea zilizotumika kutoka Japani. Alikuja kutafuta manifodi ya pikapu aina ya Stauti, lile bomba la matawi manne linalopokea hewa na petroli kutoka kwenye kabureta na kuvigawa ndani ya injini. Alitegemea kukuta moja, tena yenye ufa. Alikuta kumi na moja. Nyingine zilikuwa na matawi mafupi manene, nyingine marefu membamba, nyingine zimeng'aa kana kwamba hazijawahi kuona mafuta. Hiza alichuchumaa, akazigusa moja moja.

"Zote zinaingia Stauti," mwuzaji alimwambia. "Chagua."

"Zote?"

"Zote, fundi."

Ni neno dogo, chagua, lakini lilimtoa jasho. Na alifanya kile ambacho angefanya mtu yeyote aliyekaa na njaa miaka kumi na tisa kisha akaonyeshwa pilau ya harusi: alichukua kubwa kuliko zote. Ilikuwa na mdomo mpana wa kuingiza ngumi. Mwuzaji, aliyemwona anasitasita, akampa na nyingine nyembamba ya matawi marefu. "Kajaribu. Utakayoikataa unirudishie." Akaongeza na spesa ya aluminiamu, kile kipande bapa kinachokaa chini ya kabureta kuinyanyua kidogo. Hiza alirudi Korogwe amekumbatia vyuma hivyo mapajani kama mtu anayebeba mtoto.

Stauti yenyewe ilikuwa ya Leboo, mfugaji wa upande wa Handeni, aliyeinunua kwenye mnada wa shamba moja la mkonge. Lakini shida ilikuwa ya mkewe, Nasinkoi. Kwao maziwa ni mali ya wanawake, na mwanamume hayatii mkono. Kwa hiyo Hiza alipomuuliza Leboo gari linataka nguvu ya namna gani, Leboo alimwonyesha mkewe kwa kidevu. "Mimi ni dereva tu. Maziwa si yangu. Muulize mwenyewe."

Nasinkoi alieleza kwa maneno machache. Wanawake kumi na wawili wa boma lao walikuwa wakipeleka maziwa Korogwe kila asubuhi isipokuwa Jumapili, kwenye kituo kipya cha Bi Amne, mama mmoja mkali asiyejua msalie Mtume. Katikati ya njia kulikuwa na kilima ambacho madereva walikiita Shukeni, kwa sababu hapo abiria wote hushuka na kusukuma. Stauti ilikuwa ikifia hapo saa nzima, jua linapanda, maziwa yanachemka kwenye makopo. Mara mbili yalikuwa yamefika yameharibika na Bi Amne akayakataa. Alishasema: ya tatu, nawafuta, nachukua ya watu wengine.

"Basi Jumatatu tunapanda au hatupandi," Nasinkoi alisema. "Hakuna Jumanne."

"Mama, ondoa shaka," Hiza alijibu, maana mafundi huzaliwa na jibu hilo mdomoni.

Alifunga manifodi ile pana jioni hiyohiyo, na spesa ya aluminiamu chini ya kabureta, wakaijaribu kwenye lami kwenda Segera. Lo! Stauti iliruka. Mzee huyo wa chuma, aliyezoea kupitwa na baiskeli, alilipita basi la Arusha, na sauti yake ikawa nzito, ya kutisha na ya kupendeza kwa pamoja. Leboo, mtu wa maneno haba, alishika usukani kwa mikono miwili akasema, "Aiii." Hiza alicheka peke yake kama mwendawazimu. Alijiona ameshika siri ya dunia.

Nasinkoi alikuwa amekaa katikati yao. Hakucheka. "Segera hakuna kilima," alisema.

Kwa hiyo Jumapili walikwenda bomani, wakajaza makopo maji badala ya maziwa, wakapakia wanawake sita, wakaelekea Shukeni. Hata theluthi ya kilima hawakufika. Leboo alikanyaga mafuta, injini ikakohoa, ikameza mate, ikazima. Wanawake walikuwa wameshashuka kabla haijasimama vizuri; miguu yao ilikuwa imezoea. Waliirudisha kinyumenyume hadi chini, na huko ikagoma kuwaka kabisa. Hiza alifungua boneti akasikia petroli ikitokota ndani ya kabureta.

"Labda petroli ina maji," alisema. Yeye mwenyewe hakuamini.

Nasinkoi aliwasha moto kando ya njia ili wanywe chai wakati chuma kinapoa. Kuni zilikuwa mbichi kidogo. Alipiga magoti, akabana midomo, akapuliza: fuuu, fuuu, na kaa lililokuwa linataka kufa likawa jekundu. Kisha akageuka.

"Fundi, hicho kidude kazi yake nini?"

Hiza alimweleza kwamba injini inavuta pumzi, na pumzi hiyo lazima ibebe petroli mpaka ndani, ikafike kwenye kila chumba. Alitoa manifodi nyembamba chini ya kiti, akamwonyesha na ile pana palepale ilipofungwa. Nasinkoi alipitisha mikono kwenye midomo yote miwili, taratibu, kama anayekagua kibuyu sokoni.

"Njoo upulize moto," alisema.

"Mimi?"

"Puliza kwa kinywa wazi. Achama kabisa, nikuone."

Hiza, mbele ya wanawake sita, aliachama akapuliza: haaa. Jivu lilimjaa usoni na kaa likafifia. Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Lakini Hiza hakucheka wala hakukasirika. Alibaki amepiga magoti na jivu kwenye nyusi, na kitu kikamfunguka kifuani. Alikuwa na pumzi ileile, mapafu yaleyale. Tofauti ilikuwa mdomo tu.

Kwenye lami injini ilikwenda mbio, ikavuta kwa nguvu, na bomba pana likaitosha. Kilimani ilikwenda polepole, ikavuta kidogo. Hewa ikalegea ndani ya bomba lile kubwa, petroli ikadondoka njiani bila kufika. Bomba jembamba lingeikaza pumzi hiyo ndogo ikimbie na mzigo wake. Jambo hilo alikuwa akilifanya kila siku jikoni kwa mama yake tangu ana miaka mitano! Aliona aibu, kisha aibu ikapita na kubaki mshangao mtupu, kwamba moto wa kuni na injini ya Japani vinafuata sheria moja, na sheria hiyo mtu anatembea nayo mdomoni maisha yake yote.

"Mama," alisema, "wewe ulijifunza wapi?"

"Kujifunza nini?" Nasinkoi alikuwa anaondoa sufuria motoni kwa vijiti viwili. Hiza aliviangalia vijiti vile. Sufuria inatokota, vijiti viko motoni, na vidole vya mama vimetulia, maana mti haupitishi joto. Akaigusa spesa yake nzuri ya aluminiamu na kuivuta mkono upesi. Ilikuwa inaunguza. Ndiyo iliyokuwa ikipeleka joto lote juu kuchemsha petroli, na yeye ndiye aliyeiweka pale kwa mikono yake.

Kazi ilianza. Aling'oa ubao mmoja wa mninga kwenye sakafu ya nyuma ya Stauti ili atengeneze spesa ya mti. Leboo aliukata kwa sime kwa kufuata alama za chaki. Matundu waliyatoboa kwa nondo iliyopashwa moto, gasketi, vile vipande vya kuziba maungio, akazikata kwenye karatasi ngumu aliyotembea nayo. Manifodi nyembamba chini, mti katikati, kabureta juu. Jua lilipoanza kushuka, aliiwasha, akatoa kisafisha hewa, akamwita Nasinkoi.

"Weka kiganja hapa. Usiogope."

Nasinkoi aliweka. Kabureta iliuvuta mkono wake kwa mkazo, ukashikwa kabisa, akautoa kwa kelele ndogo. Aliutazama mkono huo mbele na nyuma. Kisha akaurudisha mwenyewe.

"Inanyonya," alisema kwa sauti ya chini. "Inanyonya kama ndama."

Walisimama hapo wote, wafugaji na fundi, wakisikiliza chuma kinachopumua. Ng'ombe walikuwa wanarudi bomani na lazima wakamuliwe. Nafasi ya kujaribu kilima haikuwapo tena. Ingebidi kijaribiwe na maziwa yenyewe.

Jumatatu asubuhi walifika chini ya Shukeni makopo yamejaa, na wanawake wote kumi na wawili nyuma. Wakaanza kusimama ili washuke. Nasinkoi alipiga paa la gari kwa kiganja. "Kaeni!" Bibi Nasha, mama yake Leboo, alikaa na jiwe lake mapajani. Kazi yake siku zote ilikuwa kuzuia gurudumu lisirudi nyuma.

Leboo aliingiza gia namba moja. Hiza, pembeni yake, alibana pumzi. Injini haikunguruma, iliguna kwa sauti ya chini, mfululizo, ikashika kilima na kukivuta chini yao. Walipita mahali ilipozimia jana. Walipita jiwe jekundu ambako wanawake hupumzika wakisukuma. Hiza alisubiri kikohozi, na kikohozi hakikuja. Kisha pua ya gari ikainama na mbele yao Usambara ikasimama yote, ya bluu, kubwa kuliko alivyowahi kuiona. Nyuma wanawake waliinua shingo. Wanawake hao walikuwa wamepita hapo mamia ya mara wakitazama nyayo zao tu.

"Simama tuone kidogo," mmoja aliomba.

"Maziwa hayana macho," Nasinkoi alisema. "Twende."

Kituoni Bi Amne aliwatazama, kisha akatazama jua. Hakusalimia. Alichota kijiko kutoka kopo la kwanza, akakishika juu ya jiko. Maziwa yakikatika kwenye kijiko, yamekataliwa. Yalitokota, yakapanda laini, meupe. Kopo la pili. La tatu. Bibi Nasha aliteremka polepole, akaweka jiwe lake nyuma ya gurudumu, ingawa uwanja ule ulikuwa tambarare kabisa. La tisa. La kumi. Kwenye kopo la mwisho Bi Amne alikawia, akakinusa kijiko, akakiweka chini.

"Leteni na kesho," alisema.

Nasinkoi aliwageukia wenzake akawaambia hivyo kwa Kimasai, neno moja moja, kisha akakaa chini mavumbini, uso ameufunika kwa shuka, akilia kwa sauti bila kujizuia. Hiza alisimama karibu naye. Aliyafuta macho yake mwenyewe kwa mkono wenye grisi, na hakujali nani anamwona.